Kituo Kikinyamaza, Masafa Yake Yawe ya Nani?

MHANDISI: Leseni ya kituo cha redio cha mji mdogo nchini Marekani inapofutwa, sauti ya mji hupotea, lakini papo hapo huondoka pia kizuizi kilichokuwa kimewabana majirani wote wanaotumia masafa yale yale. Katika mawimbi ya kati, yaani AM, yanayoanzia kilohezi 540 hadi 1700, vituo vya masafa mamoja hutenganishwa kwa uwiano wa 20 kwa 1: pale ambapo mawimbi ya kituo kinacholindwa bado yanasikika vizuri mchana, yale ya kituo kingine hayaruhusiwi kufika yakiwa na ukali unaozidi sehemu moja ya 20. Ndiyo maana wamiliki wengi walilazimika kupunguza nguvu za mitambo yao, au kusimamisha minara mitatu na minne ili wayasukume mawimbi upande mmoja na kuyazuia upande wa pili. Kituo kilichokuwa kikikwepwa kinapozimwa moja kwa moja, minara hiyo hubaki ikimkwepa jirani asiyekuwepo. Vituo vya AM vilikuwa karibu 4,800 mwaka 2010, na katika miaka ya karibuni vimeshuka hadi kama 4,400. Kila kinachotoka huacha nafasi, na nafasi hiyo ikitumiwa kuongeza usikivu wa waliobaki itawafaa watu wengi kuliko ikiachwa kama shamba lililohamwa.

MTETEZI WA MJI: Shamba lililohamwa hulimwa na anayekaa karibu nalo, ilhali nafasi anayoitaja Mhandisi huchukuliwa na mwenye kituo aliye kilomita 200 mbali, ambaye mavuno yake hayarudi mjini hata kidogo. Kituo cha mji mdogo ndicho kinachosoma matangazo ya vifo asubuhi, kinachotaja shule zilizofungwa kwa sababu ya theluji, kinachosoma bei za ng'ombe mnadani na kutangaza mpira wa shule ya sekondari Ijumaa usiku, na hakuna hata moja kati ya hayo linaloletwa na kituo cha jiji kwa kuongezewa kilowati. Neno lenyewe la wahandisi, usikivu, humhesabu mtu kuwa amehudumiwa pindi mawimbi yanapoifikia antena ya redio yake. Mji hauhitaji kusikia tu. Unahitaji pia kusikilizwa, yaani kuwa na mlango ambao mwenye msiba, mwenye mbuzi aliyepotea na diwani mwenye hoja wanaweza kuubisha.

MWANASHERIA: Sheria iliyopo inawapa wote wawili mahali pa kushika. Kifungu cha 307(b) cha Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1934 huitaka Tume ya Mawasiliano ya Marekani, ijulikanayo kama FCC, iyagawe masafa kwa haki, kwa ufanisi na kwa usawa miongoni mwa majimbo na jamii zake, na kwa sababu hiyo kila leseni hufungamanishwa na mji mmoja unaotajwa ndani yake, ambao huitwa mji wa leseni. Leseni hiyo huhuishwa kila baada ya miaka 8, na huweza kupotea kwa mwenyewe kuirudisha, kwa ada za kila mwaka kutolipwa, au kwa kifungu cha 312(g), kilichoongezwa mwaka 1996, kinachosema kwamba kituo kisichorusha matangazo kwa miezi 12 mfululizo hupoteza leseni chenyewe, bila kesi wala kusikilizwa, ingawa tangu mwaka 2004 Tume inaweza kuirudisha pale haki inapodai hivyo. Jambo ambalo husahaulika katika ubishi huu ni kwamba AM na FM hazifi kifo kimoja. Masafa ya FM ya biashara yamepangwa katika jedwali la kitaifa, mji kwa mji, na kwa hiyo leseni ikifutwa nafasi hubaki katika jedwali kwa jina la mji ule hadi ipigwe mnada. AM haina jedwali la namna hiyo. Leseni ikifutwa, mji hauachiwi kitu.

MTETEZI WA MJI: Basi na liongezwe lile ambalo Mwanasheria amelipita haraka. Anayetaka kuanzisha kituo kipya cha AM hana ruhusa ya kuomba mpaka Tume ifungue dirisha la maombi, na baada ya dirisha la jumla la Januari 2004 ilipita miaka mingi bila jingine, ilhali mwenye kituo kilichopo anaweza kuomba kuongeza nguvu kwenye masafa yake siku yoyote, kwa kuwa ombi la aina hiyo huhesabiwa kuwa badiliko dogo. Matokeo yake ni kwamba kaka wa marehemu husubiri nje ya uzio huku jirani akiingia kupima kiwanja. Huo ni mgawanyo wenye ufanisi, lakini usawa ambao kifungu cha 307(b) kinautaja haumo.

MMILIKI: Katika maneno hayo yote hajatajwa anayelipa bili ya umeme. Mnara wa AM hausimami peke yake, kwa kuwa chini yake, ardhini, hufukiwa nyaya za shaba ambazo kwa desturi ni 120, zikitawanyika pande zote kama vijiti vya gurudumu, kila mmoja ukiwa na urefu wa robo ya wimbi. Kwa kituo cha kilohezi 1240 robo hiyo ni kama mita 60, na jumla ya shaba iliyofukiwa hupita kilomita 7. Shaba hiyo huibwa, huoza, hukatwa na majembe ya matrekta, na kiwanja kilichoifukia kinaweza kuuzwa kwa bei inayozidi mapato ya kituo ya miaka mingi. Upande wa pili wa biashara, maduka ya mji yaliyokuwa yakinunua matangazo yamefungwa kwa sababu ya maduka makubwa ya kitaifa, vifaa vya umeme majumbani vimejaza mawimbi ya kati mvumo, na baadhi ya magari ya umeme huuzwa bila AM kwa kuwa mota zake huharibu upokeaji. Tume yenyewe iliwahi kudhani kwamba dawa ni kuongeza vituo, na kwa uamuzi wake wa mwaka 1983 ilifungua nafasi mpya za FM zinazokaribia 700, nyingi zikiwa katika miji midogo, lakini mji uliokuwa na duka moja la pembejeo haukupata la pili kwa sababu ya kupata redio ya pili. Wengi wanaokililia kituo siku kinapozimwa hawakuwahi kukinunulia tangazo hata moja.

MHANDISI: Kwa mwenye kituo aliyefika hapo, nafasi anayoiacha inaweza kuwa mali ya mwisho aliyobaki nayo. Tume huruhusu mapatano ya kupunguza mwingiliano wa mawimbi, ambapo jirani humlipa mwenye kituo kinachofifia ili arudishe leseni, na kwa kufanya hivyo jirani hupata njia ya kuongeza nguvu au kulegeza minara yake. Mmiliki huondoka na chochote cha kulipia madeni, masafa hupungua makelele, na wasikilizaji wa eneo pana hupata sauti safi zaidi.

MTETEZI WA MJI: Hapo kinachouzwa ni ukimya wa mji, na muuzaji si mji. Tena faida inayoahidiwa mara nyingi haipo. Vituo vingi vya miji midogo vimo katika masafa sita yaliyotengwa kwa huduma za karibu, nayo ni kilohezi 1230, 1240, 1340, 1400, 1450 na 1490, na katika kila mojawapo hurundikana zaidi ya vituo mia moja nchi nzima, vyote vikiwa na ukomo wa kilowati 1, mchana na usiku. Kituo kimoja cha kilohezi 1340 kikifa leo, hakuna mwenzake hata mmoja wa masafa hayo anayeruhusiwa kuvuka kilowati 1 kesho. Mji unapoteza kila kitu, jirani hapati wati hata moja, na bado hesabu hiyo huitwa maboresho.

MHANDISI: Kuhusu masafa hayo sita hoja ya Mtetezi inasimama, na inasimama zaidi usiku. Mchana tabaka la chini la anga lenye chembe za umeme hufyonza mawimbi ya kati yanayopanda, hivyo yanayosikika ni yale yanayotambaa ardhini. Jua likizama tabaka hilo hutoweka, mawimbi hugonga tabaka la juu na kurudi chini mamia ya kilomita mbali, na kituo kidogo hujikuta kikipambana na sauti za makumi ya vituo vingine kwa pamoja, kiasi kwamba kuondoka kwa kimoja hakutambuliki na sikio. Hata hivyo, yapo masafa ya kimkoa ambako nguvu inaweza kupanda hadi kilowati 50 iwapo mwingiliano unaruhusu, na huko kifo cha kituo kimoja huweza kumfungua jirani upande mzima wa dira. Ni kweli pia kwamba nguvu peke yake hudanganya, kwa kuwa ukali wa mawimbi huongezeka kwa kipeuo cha pili cha nguvu, na anayetaka kuuzidisha mara mbili hana budi kuzidisha nguvu mara nne. Udongo nao una kauli yake: KFYR ya Bismarck, Dakota Kaskazini, kwenye kilohezi 550, hufunika eneo kubwa mno kwa kilowati 5 tu kwa sababu tambarare zile zinapitisha umeme vizuri, ilhali nguvu hiyo hiyo katika ardhi ya mawe ya New England hufifia mapema. Katika FM hesabu ni nyepesi kueleza. Kituo cha daraja A chenye kilowati 6 kwenye kimo cha mita 100 husikika vizuri hadi kama kilomita 28. Kikiruhusiwa kupanda daraja la C3, lenye kilowati 25, hufika kama kilomita 39, na eneo lake hukaribia kuwa maradufu. Ndani ya maradufu hiyo kuna vijiji ambavyo havikuwahi kupata mawimbi imara ya kituo chochote.

MWANASHERIA: Mfano wa FM una mwiba wake, kwa kuwa nafasi iliyobaki wazi katika jedwali huendelea kulindwa kana kwamba kituo kingali hewani, na jirani anayetaka kupanda daraja analazimika kwanza kuishawishi Tume iihamishe nafasi hiyo kwenye masafa mengine au iifute. Aidha, tangu mwaka 2011 Tume imeweka ugumu kwa anayetaka kuhamisha kituo kutoka mashambani kwenda pembezoni mwa jiji kwa kisingizio cha kuboresha usikivu, baada ya kuonekana kwamba maboresho mengi yalikuwa na mwelekeo mmoja, ule wa kuelekea kwenye watu wengi na matangazo ya bei kubwa.

MTETEZI WA MJI: Mwelekeo huo una gharama isiyoonekana katika ramani. Usiku wa Januari 18, 2002, treni ilianguka karibu na Minot, mji wa Dakota Kaskazini uliokuwa na wakazi wapatao 36,000, ikamwaga amonia, gesi inayotumika kutengenezea mbolea na inayochoma mapafu. Vituo vyote sita vya biashara vya mji huo vilikuwa mikononi mwa kampuni moja ya mbali, jambo lililowezekana baada ya sheria ya mwaka 1996 kulegeza mipaka ya umiliki, na polisi walipopiga simu vituoni hawakumpata mtu wa kuwapeleka hewani mara moja. Mtu mmoja alifariki na mamia wakatafuta matibabu. Mawimbi yalikuwa yakisikika barabara usiku ule, muziki ukiendelea.

MMILIKI: Mtetezi ameutoa mfano unaomgeukia. Kampuni ile ilijibu kwamba polisi hawakuwa wametayarisha ipasavyo mitambo ya tahadhari ambayo ingewaruhusu kuingia hewani bila kumtegemea mtu wa kituoni, na ubishi huo haukuisha; lakini hata ukiwekwa kando, usiku ule leseni sita zilikuwa hai, zote zikiwa na mtambo wake na mnara wake. Leseni ya mji haiweki mtu studioni. Tangu Tume ilipoiondoa, kwa uamuzi wa mwaka 2017, kanuni iliyodai kila kituo kiwe na studio kuu karibu na mji wake, leseni inaweza kubaki na jina la mji huku sauti yake yote ikitoka kwenye kompyuta iliyo majimbo mawili mbali. Kama hicho ndicho kinachotetewa, basi kinachotetewa ni jina tu.

MTETEZI WA MJI: Kinachothibitishwa hapo ni kwamba leseni imenyang'anywa wajibu wake kabla ya kunyang'anywa mji, na tiba ya wajibu uliopotea ni kuurudisha. Kufuta hata ile haki ya kuudai si tiba. Tena njia ya kuurudisha ipo. Mwaka 2000 Tume ilianzisha vituo vya FM vya nguvu ndogo, visivyo vya biashara, vyenye wati 100 na usikivu wa kama kilomita 5.6, vinavyomilikiwa na makanisa, shule na vikundi vya wakazi; sheria iliyotiwa saini Januari 2011 ikavipanulia nafasi, na madirisha ya maombi yakafunguliwa mwaka 2013 na 2023. Kilomita 5.6 haziwashangazi wahandisi, lakini zinatosha kuvuka mji mdogo kutoka makaburini hadi mnadani, na mnara wake hauhitaji kilomita 7 za shaba.

MHANDISI: Nje ya hizo kilomita 5.6 ndiko wanakoishi wakulima, ambao AM iliwafikia tangu enzi za babu zao. Katika tambarare za Dakota mji wenye watu 800 unaweza kuzungukwa na mashamba yanayotawanyika kilomita 50, na wenye mashamba hayo ndio wanaohitaji kuijua dhoruba mapema kuliko wote. Kituo cha wati 100 kinaurithi mji na kuwaacha watu wa pembeni bila urithi. Kituo cha jirani kilichopandishwa nguvu huwafikia, hata kama hakiyajui majina yao.

MWANASHERIA: Kati ya hizo njia mbili imejipenyeza ya tatu, nayo imeuvuruga mpango mzima. Mwaka 2015 Tume ilianza mpango wa kuifufua AM, ambao ulivirahisishia vituo vyake kupata mitambo midogo ya FM inayorudia matangazo, isiyozidi wati 250. Kisheria mtambo huo ni mtoto wa AM: mama akinyamaza, mtoto naye hana budi kunyamaza. Mapema mwaka 2024 kituo kimoja cha Jasper, Alabama, kiliripoti kwamba mnara wake wa futi 200, ambazo ni kama mita 61, umeibwa. Tume ilikataa kukiruhusu kiendelee kusikika kwa FM peke yake, ingawa wasikilizaji wengi wa vituo vya namna hiyo huvisikiliza kwa FM. Vituo kadhaa vya miji midogo sasa viko katika hali hiyo, ambapo mtambo wa AM huwashwa ili sheria itimizwe na wenye redio wasikilize kwingine.

MHANDISI: Hali hiyo ndiyo inayoonyesha upotevu ulivyo. Masafa yanashikiliwa, jirani anabanwa kwa uwiano wa 20 kwa 1, umeme unaunguzwa, na wanaosikiliza ni wachache mno. Iwapo mwenye kituo angeruhusiwa kuirudisha AM na kubaki na FM yake kama kituo kamili, mji ungehifadhi sauti yake, na nafasi ya AM ingeachiwa kituo chenye uwezo wa kuwafikia wale wa mashambani.

MTETEZI WA MJI: Kwa mara ya kwanza Mhandisi ametoa pendekezo ambalo ndani yake mji umepewa kiti.

MWANASHERIA: Kiti hicho kimekwisha kukaliwa. Sheria ile ile ya 2011 inavihesabu vituo vya nguvu ndogo na mitambo ya kurudia kuwa sawa kwa hadhi, vyote vikiwa ni huduma ya daraja la pili isiyolindwa dhidi ya vituo vikubwa. Mtambo mmoja wa kurudia ukipandishwa kuwa kituo kamili chenye ulinzi, kikundi cha wakazi kilichosubiri miaka kumi dirisha lifunguliwe kinaweza kukuta nafasi yake imezibwa na mtambo ulioingia kwa mlango wa AM. Mtetezi angekuwa amekiokoa kituo kimoja cha mji na kukizima kingine kabla hakijawaka.

MMILIKI: Huku mjadala ukitafuta mlango, kalenda haisimami. Kituo kinapozimika, kanuni humtaka mwenyewe aiarifu Tume ifikapo siku ya 10, na ukimya ukipita siku 30 aombe ruhusa ya kuendelea kuwa kimya. Kuanzia hapo miezi 12 inahesabiwa. Wapo waliozoea kukiwasha kituo siku chache kabla ya mwaka kutimia, wakarusha matangazo kidogo ili hesabu ianze upya, kisha wakakizima tena, na Tume imewaadhibu baadhi yao kwa kuwapa leseni za muda mfupi badala ya miaka 8. Kituo cha namna hiyo hakimfai mkazi wala jirani anayetaka kupanda, na kukiacha kife ni afadhali kuliko kukifanya maiti inayofumbua macho mara moja kwa mwaka.

MTETEZI WA MJI: Mwaka huo mmoja ndio ungeweza kutumika. Barua za siku ya 10 na za siku ya 30 huenda Washington, na hakuna inayobandikwa katika ukumbi wa mji. Kikundi cha wakazi kingetangaziwa mwanzoni mwa ukimya kwamba leseni inaelekea kufutwa, kikapewa miezi hiyo kuchanga fedha na haki ya kuomba kabla ya jirani, angalau pangekuwa na wa kulaumiwa iwapo masafa yangekwenda kwingine. Kwa utaratibu wa sasa mji hupata habari siku ambayo mtu anafungua redio ili asikie matangazo ya vifo akakuta mvumo.

MMILIKI: Na miezi 12 ikiisha, fedha zisipotimia, mji utakuwa umeshirikishwa katika kifo hicho bila kukizuia. Kabla ya kuweka kanuni hiyo ingefaa kuhesabu ni redio ngapi, katika mji wa watu 800, zilikuwa zimewashwa asubuhi ile mvumo ulipoanza.